Anayekataa chakula haringi, anaumwa

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuzungumzie ugonjwa ambao hapa Dodoma na Singida unapita mbele ya macho ya watu ukiitwa majina yasiyo yake. Binti akiacha kula, anaambiwa anaringa. Akikonda, majirani wananong'ona kuhusu UKIMWI au kifua kikuu. Akilalamika kwamba tumbo linajaa, anapewa dawa za vidonda vya tumbo miezi na miezi. Akizimia mstarini shuleni, wanasema ana mapepo. Wakati wote huo unaopotea ndio ambao matibabu yangekuwa mepesi na mafupi.

Sisi ni wauguzi, maafisa lishe na washauri wa afya ya akili. Tunasema wazi kwamba matatizo ya ulaji ni ugonjwa unaoua na unaotibika, na tiba yake ina pande mbili zinazokwenda pamoja: chakula kinacholiwa kwa ratiba mbele ya mtu anayemjali mgonjwa, na moyo na madini ya damu yanayopimwa hospitalini. Familia nyingi hushika upande mmoja tu. Kuna wanaolazimisha chakula bila vipimo, na kuna wanaozunguka na vipimo huku mgonjwa hali chakula.

Tunaelewa kwa nini huku kwetu jambo hili linaudhi. Ugogo unaijua njaa. Ile ya Mtunya, ya mwaka 1917 hadi 1920, iliua watu wengi na kutawanya familia, na hadi leo mvua zetu ni za msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili, kiasi kwamba ikifika Februari kuna kaya zinazopimia debe la mwisho la uwele. Mtoto anayesukuma sahani mbele ya mama aliyehangaika kuipata, lazima aonekane ana dharau. Hasira ya mama ina sababu. Lakini mtoto huyo hajachagua hofu aliyonayo, na kumgombeza mezani kunaongeza hofu ileile inayomzuia kumeza.

Wengine hutuambia huu ni ugonjwa wa Wazungu na wenye fedha. Huko Fiji, visiwa ambako mwili mnene ulisifiwa kama unavyosifiwa kwetu, televisheni ilifika eneo la Nadroga mwaka 1995. Wiki chache baada ya kufika, watafiti waliwahoji wasichana wa shule na hakuna aliyesema anajitapisha ili apungue. Walipowauliza wasichana wa shule tena mwaka 1998, asilimia 11.3 walisema wanafanya hivyo. Hiyo ilikuwa televisheni tu. Siku hizi msichana wa Kongwa au Manyoni analala na simu yenye picha za figa namba nane mpaka usiku wa manane, na mvulana wa jirani anatazama misuli iliyopigiwa picha kwa taa na dawa.

Aina kuu ni tatu. Katika anoreksia mtu anajinyima chakula mpaka uzito unashuka chini ya mahitaji ya mwili, anaogopa kunenepa hata akiwa amekonda, na kioo kinamwonyesha mwili usio wake. Katika bulimia anakula chakula kingi ndani ya muda mfupi akihisi hawezi kujizuia, kisha anajaribu kukiondoa kwa kujitapisha, kwa dawa za kuharisha, kwa kufunga au kwa mazoezi ya kujitesa. Aina ya tatu ni kula bila kujizuia pasipo kukiondoa chakula. Ikitokea angalau mara moja kwa wiki kwa miezi mitatu, ikaandamana na aibu na kula kwa kujificha, hiyo inahitaji matibabu, na kumwita mtu mlafi hakumsaidii. Wapo pia watoto wanaokwepa vyakula kwa sababu ya hofu ya kupaliwa au kwa kushindwa kuvumilia harufu na mguso wake, bila kuwaza lolote kuhusu uzito. Hao nao wanadumaa.

Kinachopotosha hata wahudumu wenzetu ni umbo. Mwenye bulimia mara nyingi ana uzito wa kawaida kabisa. Aliyekuwa mnene akapungua kilo nyingi kwa haraka anaweza kuwa na moyo uliodhoofika sawa na wa mtu mwembamba sana, huku ofisini wakimpongeza kwa dieti. Wanaume wanaumwa pia, na hufika hospitali wakiwa wamechelewa kwa sababu hakuna anayewauliza.

Kuna jambo moja ambalo tungependa kila mzazi alijue, kwa sababu linabadilisha namna ya kumtazama mgonjwa. Mwaka 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani, wanaume 36 wenye afya njema na akili timamu walijitolea kula takriban nusu ya chakula chao cha kawaida kwa miezi sita. Walipoteza karibu robo ya uzito. Wakawa wanawaza chakula mchana kutwa, wanasoma vitabu vya mapishi, wanakata chakula vipande vidogo na kukichezea saa nzima, wanasikia baridi, wanajitenga, wananuna, wanahuzunika. Waliporudishiwa chakula, wengi walikula bila kushiba kwa wiki nyingi. Hawakuwa na tatizo la ulaji kabla ya hapo. Kwa hiyo mengi tunayoyaona kwa mgonjwa, ukali, ukaidi, kupikia wenzake vizuri halafu yeye asionje, yanaletwa na njaa yenyewe. Ushauri nasaha bila kurudisha chakula hauendi mbali, maana ubongo wenye njaa haushauriki.

Dalili za nyumbani si ngumu kuziona ukijua pa kutazama. Anavaa sweta saa saba mchana wa Oktoba. Hedhi imekatika au imekuwa ya kusuasua. Vinyweleo laini vimeota mgongoni na mikononi, nywele za kichwani zinakatika. Anasema amekula kwa shangazi, na kwa shangazi anasema amekula nyumbani. Anakwenda chooni kila baada ya mlo na maji yanasikika yakimwagika. Mashavu yamevimba mbele ya masikio kama mwenye matubwitubwi, ila hayaumi na hayaishi, kwa sababu tezi za mate zimetuna kutokana na kutapika. Meno ya mbele yanakwanguka upande wa ndani, na juu ya vifundo vya vidole kuna makovu. Anayejitapisha asipige mswaki papo hapo, kwani asidi imelainisha meno na mswaki utayakwangua zaidi. Asukutue kwa maji, asubiri kama saa moja.

Yapo maswali matano yaliyochapishwa Uingereza mwaka 1999 ambayo hata mwalimu mlezi anaweza kuyauliza faraghani. Je, huwa unajitapisha kwa kuhisi umeshiba kupita kiasi? Je, una wasiwasi kwamba umeshindwa kudhibiti kiasi unachokula? Je, umepungua zaidi ya kilo 6 ndani ya miezi mitatu? Je, unajiona mnene wakati wengine wanasema umekonda? Je, chakula kimetawala maisha yako? Akijibu ndiyo kwa mawili au zaidi, apelekwe kuchunguzwa. Si uthibitisho wa ugonjwa. Na kwetu swali la mwisho linahitaji uangalifu, kwa sababu aliyekosa chakula nyumbani atasema ndiyo kwa njaa ya kweli. Muulize kinachofuata: ukipewa chakula sasa, utakila kwa furaha au utaogopa? Jibu hilo linatenganisha mengi.

Sasa hatari. Mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyohiyo, usiku ukiwemo, ikiwa mapigo ya moyo akiwa macho na ametulia yako chini ya 50 kwa dakika kwa kijana au chini ya 40 kwa mtu mzima. Ikiwa joto la mwili limeshuka chini ya nyuzi 35.5, ikiwa anazimia au macho yanaingia giza akisimama, ikiwa hawezi kuinuka kutoka kuchuchumaa bila kushika kitu, ikiwa moyo unadunda ovyo au misuli inakaza na kulegea kwa mtu anayetapika kila siku, ikiwa anatapika damu, ikiwa hajala chochote cha maana kwa zaidi ya siku tano, au ikiwa anazungumzia kufa. Hili la mwisho lisipuuzwe hata kidogo, kwa sababu sehemu kubwa ya vifo vya anoreksia ni vya kujiua. Mwenye kisukari kinachotegemea insulini ambaye anaruka sindano ili apungue yumo kwenye kundi hilihili la dharura. Kuhesabu mapigo kunahitaji saa na vidole viwili kwenye kifundo cha mkono upande wa dole gumba. Hesabu dakika nzima, usihesabu sekunde 15 na kuzidisha.

Kinachoua kwa ghafla ni moyo. Kutapika na kuharisha kunatoa potasiamu mwilini, na potasiamu ikishuka moyo unapoteza mpangilio wa mapigo. Ndiyo maana mtu aliyeonekana mzima jioni anaweza kukutwa amekufa asubuhi, na watu wakatafuta mchawi. Dawa za kuharisha zenyewe hazipunguzi unene. Chakula kinakuwa kimeshafyonzwa kwenye utumbo mwembamba kabla dawa haijafanya kazi kwenye utumbo mpana. Kinachotoka ni maji na madini. Zile chai za kukata tumbo zinazouzwa mitandaoni, nyingi zinafanya kazi hiyohiyo kwa sababu zina majani ya kuharisha. Mtu akiziacha ghafla miguu inaweza kuvimba na mizani kupanda kilo kadhaa kwa wiki moja au mbili, yote maji, yanayoondoka yenyewe. Asipoonywa mapema ataogopa na kurudia dawa. Aambiwe siku ya kwanza.

Hapa tunawaomba sana wenzetu wa zahanati na vituo vya afya watusikilize. Mgonjwa dhaifu akiletwa, jambo linalofanywa haraka ni kumtundikia dripu ya sukari. Kwa mtu aliyekaa na njaa siku nyingi hilo ni hatari. Sukari inaamsha insulini, insulini inasukuma fosfeti, potasiamu na magnesiamu kutoka kwenye damu kuingia ndani ya seli, na madini ambayo tayari yalikuwa machache yanaanguka ndani ya siku chache. Matokeo ni kuvimba, kushindwa kupumua, degedege na moyo kusimama. Wanaoijua F-75, maziwa ya tiba ya kuanzia kwa watoto wenye utapiamlo mkali, wanaielewa kanuni hii: hakuna anayemwanzishia mtoto huyo F-100, maziwa yenye nguvu zaidi, siku ya kwanza. Mpeni vitamini B1 kabla ya chakula au pamoja nacho, miligramu 200 hadi 300 kwa siku kwa siku 10 za mwanzo kwa mtu mzima, pimeni sukari na madini, kisha andikeni rufaa. Katika wiki ya kwanza madini hayo matatu yapimwe mara kwa mara, na chakula kiongezwe hatua kwa hatua kwa mpango wa daktari na afisa lishe. Kosa la upande wa pili lipo pia: kumwacha wiki nzima na uji mwepesi kwa kuogopa madhara hayo. Naye atazidi kuporomoka.

Baada ya daktari kusema moyo na madini viko salama, kazi inahamia jikoni. Kwa vijana wanaoishi na wazazi, njia yenye ushahidi mkubwa ni ile iliyoanzia London katika hospitali ya Maudsley, ambapo wazazi wanachukua usukani wa mlo kwa miezi ya mwanzo, kisha wanamrudishia kijana kidogokidogo, kwa vikao 18 hadi 20 hivi katika mwaka. Si lazima awe mama peke yake. Bibi, shangazi, kaka mkubwa, yeyote mtulivu mwenye msimamo anafaa, mradi wote waseme neno moja. Nyumba ambayo baba analazimisha na bibi anasema "mwacheni, atakula akitaka" haifiki popote.

Ratiba iwe milo mitatu na vitafunwa viwili au vitatu, pasipite zaidi ya saa tatu hadi nne bila kula. Mfano wa siku ya Dodoma: saa moja asubuhi uji wa ulezi au uwele uliopikwa nusu maji nusu maziwa, ukakorogewa vijiko viwili vya chakula vya siagi ya karanga, pamoja na yai na chapati. Saa nne ndizi mbili na glasi ya maziwa. Saa saba ugali au wali, mlenda uliopikwa kwa karanga, maharage au nyama, na kijiko cha mafuta ya alizeti juu ya mboga. Saa kumi konzi ya karanga na zabibu kavu. Saa moja usiku mlo kamili tena, na saa tatu maziwa ya moto. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta kina takriban kilokalori 120, gramu 100 za karanga takriban 570, glasi ya mililita 250 ya maziwa takriban 150. Ndiyo maana kuongeza karanga na mafuta kunashinda kuongeza rundo la ugali: tumbo la mtu aliyejinyima linasaga polepole sana na linajaa upesi. Kujaa huko ni kwa kweli, anaposema linauma hasemi uongo, na kunapungua baada ya wiki kadhaa za kula kwa mpangilio. Hesabu hizi zibaki kwa mpishi. Mgonjwa asipewe kalori wala mizani ya jikoni, maana atazigeuza rungu la kujipigia. Kwa sababu hiyohiyo hatutaji hapa kilo za mgonjwa yeyote. Wapo wanaozisoma namba hizo kama shabaha.

Mlo uishe ndani ya nusu saa, kitafunwa dakika 15. Mezani zungumzeni habari nyingine kabisa, mpira, shamba, harusi ya jirani. Asipokula, sema kwa sauti ya kawaida: "Mwanangu, najua ni vigumu, chukua tonge linalofuata." Usimbembeleze kwa zawadi, usimtishe, usimlinganishe na dada yake. Baada ya mlo kaeni pamoja saa nzima kabla hajakwenda chooni au kuoga, na mazoezi yasimame mpaka daktari aruhusu. Apimwe uzito mara moja tu kwa wiki, asubuhi, mizani ileile, nguo nyepesi, baada ya kukojoa, na bora akapimwe kliniki. Kuongezeka nusu kilo kwa wiki nyumbani ni mwendo mzuri. Wiki ya pili na ya tatu ndipo familia nyingi hukata tamaa, kwa sababu mgonjwa analia na kupiga kelele kuliko alipokuwa hali chakula. Ni kwa sababu hofu yake inaguswa. Msilegeze hapo.

Na tafadhali, akianza kurudi mwili, msimsalimie kwa "umenenepa, umependeza!" Kwetu ni sifa na salamu ya upendo, ila kwake ni sababu ya kuacha kula kesho yake. Mwambieni mmefurahi kumwona, basi.

Kwa bulimia na kula bila kujizuia, mlango wa tatizo mara nyingi ni kukaa na njaa. Wanafunzi wa vyuo wanajua kupiga pasi ndefu: chai hakuna, chakula kimoja saa tisa alasiri, kwa sababu bumu, yaani fedha ya mkopo wa chuo, limekata au kwa sababu ya dieti. Mwili ulionyimwa mchana kutwa unadai saa nne usiku, na hapo mtu anamaliza mkate mzima, soda na chipsi bila kuonja, kisha anajichukia, kesho anajinyima zaidi. Mzunguko unakatwa kwa kula asubuhi, hata kama jana usiku alikula kupita kiasi. Hasa kama alikula kupita kiasi. Chukua daftari, andika saa, ulichokula, ulikuwa wapi, ulijisikiaje, ikiwa ulitapika. Usiandike kalori. Baada ya wiki mbili utaona saa za hatari na unaweza kuzipangia kitu, kwa mfano kutokuwa peke yako chumbani saa hizo. Mshauri aliyefunzwa tiba ya mazungumzo ya mawazo na tabia huendesha kazi hii kwa vikao 20 hivi, kimoja kwa wiki.

Dawa? Hakuna kidonge kinachotibu anoreksia. Vidonge vya kuleta hamu ya kula na kunenepesha vinavyouzwa kiholela havifai, kwani mgonjwa hana upungufu wa njaa, ana hofu. Kwa bulimia, fluoksetini, ambayo ni dawa ya sonona, husaidia watu wazima, dozi ikifikishwa miligramu 60 kwa siku chini ya daktari. Msinunue amitriptilini, dawa nyingine ya sonona, dukani kwa ushauri wa rafiki. Kwa mtu mwenye potasiamu ndogo dawa hiyo inaweza kuvuruga moyo.

Kula udongo kunastahili maneno machache. Vile vipande vya pemba vinavyouzwa sokoni na barafu anayotafuna mama mjamzito mara nyingi ni ishara ya upungufu wa madini ya chuma. Udongo nao unazuia chuma kufyonzwa, kwa hiyo tatizo linajilisha lenyewe. Apimwe wekundu wa damu na minyoo, ameze vidonge vya FEFO (vya kuongeza damu) vya kliniki, na chai aiweke mbali na mlo kwa saa moja hivi. Chuma kikirudi, hamu ya udongo kwa wengi huondoka.

Funga pia izungumzwe bila woga. Kwaresima, Ramadhani na maombi ya kufunga vinaweza kuwa pazia la ugonjwa, na mgonjwa mwenyewe anaweza kuamini kwamba anamtii Mungu. Kurani, katika sura ya Al-Baqara, imemruhusu mgonjwa kutofunga, na hatujaona mchungaji au padri anayedai mgonjwa ajinyime. Tunawaomba masheikhe, mapadri na wachungaji wa Kondoa, Mpwapwa na kwingineko wamwambie mgonjwa kwa vinywa vyao kwamba amesamehewa kufunga. Neno lao lina uzito kuliko letu.

Msaada uko wapi? Kama hakuna dharura, anzeni zahanati au kituo cha afya mpate barua ya rufaa, itakayowarahisishia mambo ya bima na foleni. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Dodoma na ile ya Singida zina huduma za afya ya akili na maabara. Kila halmashauri ina afisa lishe. Muulizeni kwa cheo chake. Hospitali ya Benjamin Mkapa ina mabingwa wa moyo na figo kwa hali nzito. Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe, iliyoanza mwaka 1927, ina kliniki ya wagonjwa wa nje, mtu anaonana na daktari na kurudi nyumbani siku hiyohiyo. Jina hilo limegeuzwa tusi mitaani, na tusi hilo linazuia watu kupona. Ila kama mapigo yamekwenda chini au mgonjwa anazimia, msianzie Mirembe. Nendeni kwanza idara ya dharura ya hospitali yenye maabara na kipimo cha umeme wa moyo. Anayeshindwa kulipa aombe kuonana na ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali kabla ya kukata tamaa.

Daktari wa foleni ana dakika chache. Mpeni karatasi moja: uzito wa miezi sita iliyopita na wa sasa, hedhi ya mwisho, alichokula jana kutwa, anatapika mara ngapi kwa wiki, dawa na chai anazotumia, amezimia lini. Ombeni potasiamu, fosfeti, magnesiamu, sukari, wekundu wa damu, figo, homoni za tezi ya shingo, VVU, makohozi ya kifua kikuu kama anakohoa, mimba, na kipimo cha umeme wa moyo. Magonjwa mengine yanayokondesha yatafutwe kweli, maana yapo. Na majibu yakija safi, msikubali kuambiwa "hana kitu, mpelekeni nyumbani". Damu inaweza kuonekana nzuri mpaka karibu na mwisho.

Walimu wa mabweni, msipime watoto uzito mbele ya wenzao na msiwatanie kwa majina ya kibonge au kimbaumbau. Mkimshuku mwanafunzi, matroni akae naye mlo mmoja kwa siku na mzazi apigiwe simu wiki hiyohiyo, asisubiri likizo.

Mwisho tunageukia kwako, Mhariri. Magazeti yetu yanachapa matangazo ya kupunguza kilo 10 kwa wiki mbili na picha za "kabla na baada". Tunaomba yakataliwe. Mnapoandika habari za mtu aliyeumwa ugonjwa huu, acheni kilo zake, acheni mbinu alizotumia, acheni picha ya mifupa. Na chini ya kila habari ya aina hiyo wekeni namba 116, ya bure, kwa ajili ya watoto, na 199 ya Wizara ya Afya, ili aliyejitambua akisoma apige siku hiyohiyo.

Ni sisi,
Wauguzi, maafisa lishe na washauri wa afya ya akili,
Dodoma